Mkulima wa Kabatini

Na itangazwe Mji wa Kale wote kwamba kilimo kimepanda orofani. Mkulima ni mpangaji wa Bi Swafia, na shamba lake la bangi ni kabati la nguo: makopo ya maziwa, taa aliyoing'oa chooni, feni isiyozunguka mpaka ipigwe kofi, na mbegu alizouziwa Makupa na mtu asiyemjua. Kila asubuhi huyapapasa majani kwa kidole gumba, kisha huyakodolea macho kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Yakinyauka, hajui ni kiu au yamezama, basi huyapa nusu kikombe na kuyaomba radhi. Kwa kuogopa harufu imfukuzishe, huchoma udi kutwa. Hapo ndipo alipokosea, kwani udi wa kutwa chumbani mwa kapera mtaa huupa maana moja tu. Bi Swafia akapanda ngazi.

"Mtoe bibi harusi tumuone, baba. Kama ni mke, tukupongeze. Kama si mke, uhame."

Mkulima akalifungua kabati. Bi Swafia akainama, akanusa, akamgeukia.

"Hii si bangi hii?"

Mkulima akajikuna kidevu.

"Natumai, Bi. Huenda ni bamia."