Siku Yenyewe Hatakuwepo Baka

Wazee, mmeshawahi kusimama jukwaani, ukumbi mzima ukakupigia kelele jina la rafiki yako, na wengi humo ndani hata hawamjui?

Mie yamenikuta. Hapa hapa Wete.

"Baka! Baka! Baka!"

Na Baka mwenyewe hayupo. Nilimfukuza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, siku sita nyuma.

Tulieni niwape kisa chote kabla chaji haijakata.

Naitwa Haidar. Kama kuna kitu nakipenda baada ya simu yangu ni anime. Mama huziita "katuni za watu wenye macho ya vikombe". Sawa, mama yangu, radhi zako, lakini mie nazipenda.

Basi mwaka huu tukasikia habari. Pemba kutafanywa tamasha la anime, la kwanza kabisa! Watu watavaa kama wahusika, watachora, na kutakuwa na mashindano ya karaoke. Unapigiwa muziki, maneno yanapita kwenye skrini, unaimba.

Mshindi anapelekwa Dar kwenye tamasha kubwa, nauli juu yao.

Mie ile nikasoma mara moja tu. Nikajiandikisha pale pale nimesimama jikoni, mkono mmoja simu, mkono mmoja muhogo.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Bakar.

Bakar tumesoma naye chuo cha Kurani tangu tunachapwa kwa kukosea alifu na bee. Mtaani tunamwita Baka. Yeye ni mwanafunzi wa ushonaji dukani kwa Mzee Mabruki, fundi wa makanzu.

Sasa kama unaangalia anime unajua, Kijapani "baka" ni mpumbavu. Siku tuliyoligundua hilo tulimcheka wiki nzima. Kisha tukachoka, tukasahau. Wete hii ukisema Baka, mtu hafikirii Japani. Afikiria Bakar wa kwa Mzee Mabruki.

Baka akasema, "N'takushonea koti la yule shujaa wako. Kola ya kusimama, mikono mipana. Weye shughulika na sauti."

"Utakuja siku yenyewe?"

"Nisije nina wazimu?"

Akanipima pale pale kwa utepe, akaandika kwenye kipande cha boksi.

Dukani kwao kuna jambo. Kila nguo, aliyeishona anaandika jina lake kwa chaki, ndani, mwisho wa mshono. Mzee Mabruki hataki ubishi. Mguu wa suruali ukiwa mfupi, anageuza, anasoma jina, anaita. Hakuna cha "sijui miye".

Kumbukeni hiyo chaki.

Nikaanza mazoezi. Ami yangu ana nyumba haijaezekwa, kuta tupu, sauti inarudi vizuri. Naweka laptop ya dada yangu Mwanapili juu ya tofali, napiga ule wimbo, yule mwimbaji wa Kijapani anaonekana anaimba, na mie naimba naye. Najirekodi kwa simu, narusha TikTok.

Nilikuwa najisikia mkali, wallahi.

Video ya tatu, ikaja komenti.

Akaunti haina picha. Haina video. Jina lenyewe ni namba tupu. Herufi ndogo zote, hakuna nukta wala koma.

"mwangalie vizuri baka"

Nikaisoma. Nikairudia.

Nimwangalie vizuri Baka? Kwa nini? Kafanya nini?

Nikamwonyesha Mwanapili. Akasema, "Watu wana husda. Achana nao."

Nikaachana nao. Mpaka kesho yake.

"anakuacha nyuma baka"

Nikavaa viatu.

Nikatoka mbio mpaka dukani. Nafika mlangoni, namkuta nani? Silima! Huyu Silima naye kajiandikisha karaoke, Wete nzima inajua ana sauti. Kasimama kanyoosha mikono, na Baka anampima kifua.

Na Baka anaimba kwa pua. Wimbo wangu. Mbele ya Silima!

Nikajifanya sijaona kitu.

"Baka, simu yako vipi, nimekupigia haipatikani."

"Imetumbukia kwenye ndoo ya wanga wa kukazia kofia," akasema. "Imekauka ngumu kama biskuti."

Silima akacheka. Mie sikucheka. Mtu simu yake inaharibika wiki hii hii? Kirahisi hivyo?

Wakati naondoka akanifuata nje.

"Haidar, hebu nipe ule wimbo wako kwenye flashi. Nataka nikaufanyie kazi."

"Kazi gani?"

"We nipe tu, utaona."

Nikasema flashi imepotea. Ilikuwa mfukoni, naishika.

Siku hiyo usiniulize nilikula nini. Nikawa nafungua ile akaunti kila dakika. Ikaja ya tatu.

"wimbo wako anauimba yeye baka"

Jamani! Si nimemsikia kwa masikio yangu? Huyu mtu wa siri anajua kila kitu. Nikamwandikia, "Shukran sana. Nimekuelewa. Nitamshughulikia."

Akanijibu dole gumba tu.

Siku ya pili Baka kaja kwenye nyumba ya ami. Kakaa juu ya mfuko wa saruji uliokwisha ganda, ananisikiliza. Nilipomaliza, akaniuliza, macho chini:

"Uliona yale maneno? Kule kwenye video?"

Kumbe keshajua kwamba kafichuliwa.

"Nimeyaona," nikasema. "Na nimeyaelewa vizuri."

Akatabasamu. "Alhamdulillahi."

Alhamdulillahi? Nikajisemea, huyu mtu hana haya hata ya kusingizia.

"Sasa imba bila ya laptop," akasema. "Pekeo. Nataka nisikie."

Aha! Anataka ajue nimefika wapi akamwambie mtu wake. Nikafunga laptop, nikamwambia koo linauma.

Usiku ule ikaja ya nne. Hii ndiyo iliyonimaliza.

"siku yenyewe hatakuwepo baka"

Yaani koti langu liko kwake, na siku yenyewe hatakuwepo. Anipe ahadi, anipeleke mpaka mlangoni, halafu niingie ukumbini na fulana ya mpira wakati Silima kavaa lililoshonwa kwa vipimo vyangu.

Asubuhi nikamfuata. Nikamkuta uchochoroni nyuma ya duka, anamwaga maji ya pasi.

"Mie nawe basi," nikasema.

"Basi n'ni?"

"Koti kaa nalo. Tamasha usije. Jina lako nimeshalifuta kwenye orodha ya watu wangu."

Akaweka ndoo chini. "Haidar, nimekufanya nini?"

"Wajijua."

"Sijijui. Nambie."

"Wajijua, Baka. Wajijua sana."

Nilitegemea ajitetee, aape, agombe. Akaokota ndoo yake.

"Haya," akasema. "Kama najijua, najijua."

Akaingia ndani.

Nikarudi nyumbani najiona mwanamume. Nikarusha na status: "Nyoka hata umfuge kwa maziwa." Watu thelathini na moja wakaitazama.

Siku ya tamasha, asubuhi, Mwanapili kaingia na mfuko.

"Kapita Baka kaacha hii."

Koti! Kola imesimama, mikono mipana, uzi wa dhahabu kwenye mabega. Mashaallah, limetoka zuri kuliko la kwenye anime yenyewe.

"Kasemaje?"

"Kauliza tu kama siku hizi unafanya mazoezi bila ya sauti ya mtu."

Nikacheka kwa pua. Mpaka leo anachunguza!

Halafu nikalitazama lile koti kwa jicho jingine. Mtu umemfukuza, anakuletea nguo bure? Nikaligeuza ndani nje. Nikalinusa. Nikalikung'uta uani kuku wakakimbia.

"Unatafuta nini?" Mwanapili akauliza.

"Upupu."

"Khaa!"

"Livae weye kwanza."

"Haidar, nikiwashwa nakuua." Lakini akalivaa. Akakaa nalo robo saa anakatakata vitunguu. Hakuwashwa. Ndani ya kola palikuwa na jina kwa chaki kama kawaida, Baka. Nikaliona nikalipita.

Ukumbini pamejaa. Watoto wa Chake wamekuja, kuna waliovuka kutoka kisiwa cha Fundo, mabinti wamevaa mawigi ya buluu juu ya mitandio. Silima kaimba wa nne, kapigiwa makofi. Hakuvaa koti lolote, kavaa shati.

Hilo likanigusa kidogo. Nikalisukuma.

"Namba tisa! Haidar!"

Nikapanda. Taa usoni. Skrini kubwa. Muziki ukaanza, gitaa, ngoma, kila kitu kama ninavyokijua. Nikashika maiki, nikamsubiri aanze niingie naye.

Nikasubiri.

Maneno kwenye skrini yakageuka rangi, moja, mawili, mstari mzima. Ukumbi kimya. Mie nasubiri.

Namsubiri nani?

Yule Mjapani! Mwezi mzima yeye ndiye anayeanza, mie nafuata nyuma yake kama mkokoteni. Leo muziki mtupu. Hayupo!

Nikafungua mdomo, kikatoka kitu. Mama aliwahi kusema sauti yangu ni ya mtu aliyebanwa na mlango. Siku hiyo mlango ulikuwa wa bati. Nikaruka mstari, nikarudi, nikaimba maneno ya mwisho mwanzoni.

Wakaanza mbele, watu wa mawigi, kwa utani tu. Kisha ukumbi wote.

"Baka! Baka! Baka!"

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Baka! Mpumbavu! Zile komenti hazikumtaja Bakar hata kidogo. Kuna mtu alikuwa ananitukana mie. Mwangalie vizuri, mpumbavu. Anakuacha nyuma, mpumbavu. Siku yenyewe hatakuwepo, mpumbavu.

Alikuwa anamsema Mjapani!

Nikashuka jukwaani. Mie nimemfukuza rafiki yangu kwa ajili ya koma ambayo mtu hakuiweka.

Lakini ngojeni. Hapo sijafika.

Nikaingia chumba cha nyuma. Nikalivua lile koti, nikalitupa kwenye kiti. Likaanguka kola ikiwa juu.

Baka.

Kwa chaki, herufi ndogo. Mwisho wa mshono. Pale anapoandika aliyeifanya kazi.

Nikatoa simu. Nikafungua komenti ya kwanza.

"mwangalie vizuri baka"

Mwisho kabisa. Bila nukta wala koma.

Wazee, sikuaga mtu. Nikatoka kwa miguu, koti begani, mpaka dukani.

Mzee Mabruki yuko kwenye cherehani. Baka anapiga pasi kanzu. Hakuinua kichwa.

"Mzee, shikamoo. Baka, hii akaunti ya namba ni ya nani?" Nikawaonyesha simu.

"Marahaba," Mzee Mabruki akajibu. "Yangu hiyo, mwanangu. Simu ya duka. Nimeambiwa siku hizi biashara iko huko."

Nikamgeukia Baka. "Kwa hiyo ni weye uliyeandika."

"Si nimetia jina?" Bado anapiga pasi. "Simu yangu iliingia wangani. Nikaazima ya Mzee. Humo kila mtu akimwandikia mteja anatia jina mwisho, Mzee ajue nani kasema nini. Nikakuuliza umeyaona, ukasema umeyaelewa."

"Nilielewa vingine."

"Vipi?"

Nikamsomea kama nilivyosoma. Yote manne. Mzee Mabruki alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye kitambaa.

Baka hakucheka.

"Yaani ulidhani naiba wimbo wa Kijapani? Mie Kiingereza tu kinanishinda. Nilikuwa nauimba kwa sababu umetupigia kelele nao mwezi mzima, hata kuku wa kwenu wanaujua."

"Na Silima?"

"Kanzu. Kaka yake anaoa."

"Na flashi?"

"Kuna mtu Chake anaweza kuitoa ile sauti ya mtu, ubaki muziki mtupu. Nilitaka uufanyie mazoezi."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Nisamehe, Baka."

Akaiweka pasi pembeni. "Hayo ya komenti si kitu, Haidar. Mtu husoma vibaya. Mie nilikuuliza nimekufanya nini, mara mbili. Ukanambia wajijua. Nimekaa siku sita hapa nashona koti lako, najitafuta nimekosa nini."

Hapo nikalia, bwana. Sitaki kudanganya watu. Nimelia mbele ya makanzu ya watu.

Baka akalichukua lile koti mkononi mwangu. Akaligeuza kola. Akachukua chaki juu ya sikio lake, na kabla ya jina lake akaweka nukta. Kubwa, nene, aliizungusha chaki mpaka ikavunjika.

"Haya," akasema. "Leo waiona?"

Koti ninalo. Dar sikwenda, kaenda binti mmoja wa Chake, anaimba kweli kweli. Na mazoezi nimeshayaanza tena, muziki mtupu. Baka anakaa kwenye ule mfuko wa saruji, nikikosea ananirushia kokoto.

Wewe unayesoma hapa, ukiwa na shaka na mtu wako, mwambie shaka yenyewe. Neno "wajijua" ni jepesi kulitamka, na mwenzio anaweza kukaa nalo wiki nzima asijue alibebe upande gani.

Na ukiandika, tafadhali, weka nukta.

Haidar.