Kofia Isiyooshwa

Ninafundisha baiolojia katika shule ya upili Kitengela, na somo nililolipenda kuliko yote ni la ile tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Nilikuwa nikichora ubaoni mtoto ananyonya, habari inapanda kwa neva, kalsiamu inaingia kwenye ncha za seli, vifuko vinafunguka, na homoni inashuka na damu hadi kwenye titi ili maziwa yatoke. Wavulana walicheka kila mwaka, nami kila mwaka niliwatoa nje.

Kisha binti yangu akazaliwa kabla ya siku zake, nikiwa nimewatembelea wakwe zangu Kajiado. Hospitalini wakamweka katika chumba cha watoto njiti, ndani ya sanduku la kioo, mrija puani. Maziwa ya kopo aliyatapika. Sista akaniambia waziwazi, "Mama, huyu anahitaji yako." Nikashinda na pampu nikikamua hewa. Nilijua kwa nini: hofu huufunga mlango uleule niliouchora ubaoni. Kujua hivyo kulinizidishia hofu.

Mama mkwe, ninayemwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kama wanawe wamwitavyo, alikuja akaitazama chupa tupu.

"Maziwa iko," akasema. "Ni njia imefungwa. Hata ng'ombe akipoteza ndama anafunga. Tunamwekea ngozi ya huyo ndama mbele yake, anailamba, anaachilia."

Damu ilinipanda. "Yeyo, ngozi ni ya ndama amekufa. Wangu ako hai."

"Ndio maana sijakuletea ngozi." Akatoa ndani ya shuka yake kofia ya sufu ya mtoto, aliyoiomba kwa sista. "Nimekuletea kofia."

Niliipokea. Alipotoka, nikaona ile kofia ina doa la matapishi. Mimi nimelelewa na mama wa Kiambu aliyeamini sabuni karibu kama alivyoamini sala. Kwetu nguo ya mtoto yenye doa hailali. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaianika dirishani, na jua la Kajiado likaikausha upesi. Nikaishika, nikakamua. Hakuna kitu.

Yeyo aliporudi akainusa. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwalimu," akasema, "umeosha mtoto mpaka akaisha."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, na kicheko kikageuka kilio. Yeye akaenda na ile kofia safi, wakamvisha mtoto, akarudi na ile aliyovuliwa.

Ilikuwa bado na joto lake. Nikaiweka puani. Ilinukia utosi, jasho changa na maziwa yaliyochacha. Sikufikiria kalsiamu wala vifuko, nilimfikiria yeye tu. Kifua kikanichoma kama kimeguswa na sindano nyingi, tone la manjano likajitokeza, na jingine likalifuata. Yeyo akanitemea mate kidogo viganjani, baraka ya kwao, ambayo siku ya harusi yangu niliikwepa. Safari hii niliikinga kwa mikono miwili.

Sista akayapitisha yale matone kwenye mrija. Nilisimama penye kioo nikisubiri ayatapike. Hakutapika.

Tuliishi hivyo wiki kadhaa, kofia zikivaliwa, zikinuswa, zikibadilishwa, na chupa ikijaa kidogo kidogo. Yeyo alimweleza kila mgonjwa wa wadi ile kwamba mkaza mwanawe ana shahada na bado alifua kofia. Nilimwacha aseme.

Hatimaye sista akamtoa mtoto kwenye kioo, akamlaza kifuani pangu. Akatafuta kwa mdomo wazi, akashika, akavuta. Nikamsikia akimeza.

Yeyo alikuwa amesimama kando ya kitanda. Akaiokota kofia iliyokuwa mapajani pangu, akanipa.

"Sasa hii," akasema, "unaweza kuosha."