Aliyekubali Kifurushi Kikubwa

Najua utacheka, kwa sababu kisa chenyewe kinaanza na televisheni. Cheka tu, nimezoea. Lakini usiniambie niliota. Nilikuwa macho, saa tisa mchana, nimekaa kwenye mashine yangu ya kufuma masweta, na pombe sijawahi kuonja maishani mwangu. Tena si mimi peke yangu niliyeona. Jirani yangu Mama Nafula aliona, na bado anaishi katika ploti ile ile ya nyumba za kupanga pale Mogogosiek.

Mimi ni Mjaluo. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma chai, na huku ndiko nilikozaliwa, nikasoma, nikaolewa. Mume wangu ni Mkipsigis wa Sigowet. Anafanya kazi kiwandani, upande wa kukaushia majani, na ana kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Tuna binti mmoja, Chebet, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Mume wangu akizungumza Kiswahili, b zake nyingi hugeuka p. Bei kwake ni "pei", kubwa ni "kupwa", na hata binti yake humwita Chepet. Tulipokuwa wachumba nilimcheka sana. Tulipozoeana nikawa hata sisikii tena.

Sasa, tulinunua televisheni ya kuingia mtandaoni, na ile programu ya filamu ikatupa mwezi mmoja wa bure. Niamini, ule mwezi ulinibadilisha. Mtu anayefuma masweta ya shule hukaa peke yake kutwa nzima. Ghafla nikawa na watu wa kunizungumzisha nikiwa kazini. Siku zilipokaribia kuisha, televisheni ikaanza kuuliza kila nikiiwasha: chagua kifurushi. Vilikuwa vitatu. Cha chini ni cha simu peke yake. Cha kati ni cha televisheni moja. Cha juu ni cha watu wanne kwa wakati mmoja, kila mtu na jina lake, na picha safi kama dirisha.

Mume wangu hakutaka hata kimoja. Nilipomlilia sana akasema basi, cha chini.

"Nitafuma na mikono gani nikiwa nimeshika simu?" nikamuuliza.

"Kwani mama yako alifuma akiangalia nini?"

"Na wewe mpira si unaenda kuangalia kwa hoteli kila Jumamosi? Nani hukuuliza?"

Tulibishana hivyo wiki nzima. Mpaka siku ya mwisho akaenda kazini bila kumaliza chai yake.

Siku hiyo sikutulia. Nilifuma mkono wa sweta nikaufumua, nikaufuma tena. Nilienda mlangoni, nikarudi. Ukurasa wa vifurushi ulikuwa umesimama kwenye kioo, umeandikwa kwamba ni leo, na mimi nachukua rimoti, naiweka, naichukua. Nje kulikuwa na lile joto la kukera linalotangulia mvua ya mawe, na wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya mashamba ya chai mpaka nikawasha taa. Chebet alikuwa amelala kitandani.

Mawe ya kwanza yalipogonga mabati, mlango ukafunguka. Akaingia mume wangu.

"Wamewaachilia mapema?" nikauliza.

"Wametuachilia."

"Karibu. Keti basi, nikuwekee chai."

Akasema hataki chai. Akaketi kwenye kochi. Ungeuliza, kwa nini sikushtuka? Mume wangu akitoka kazini huketi kwenye kigoda cha mlangoni, avue gambuti, alalamike kuhusu mgongo wake. Huyu alipita moja kwa moja na viatu vyake, na koti lake halikuwa na tone la maji. Niliviona vyote viwili. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye televisheni, na mtu hamchunguzi mume wake kama askari wa geti.

Akatazama kioo kwa muda, kisha akasema, "Chukua kile kikubwa."

"Kikubwa? Cha watu wanne?"

"Hicho. Usijali bei."

Wewe ungefanya nini? Baada ya wiki nzima ya kununiana? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikamshukuru, nikamwambia Mungu ambariki. Nikabonyeza kifurushi kikubwa, na televisheni ikaniambia niandike majina ya watakaotazama. Nikaandika langu. Nikaandika la Chebet. Nikaanza kuandika lake.

"Hilo futa," akasema.

"Kwa nini?"

"Weka lingine."

"Lipi sasa?"

"Lolote utakalopenda kuniita. Lakini uandike wewe, kwa mkono wako, na ukubali kwamba mimi ni wa nyumba hii."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa kupatana. Na kweli pale kwenye kioo palikuwa na swali: je, mtu huyu anaishi nyumbani kwako? Ndiyo, au hapana.

Kelele za mabati zilimwamsha Chebet. Akatoka chumbani akifikicha macho, akamwona baba yake, akasimama. Kwa kawaida angemrukia mpaka amwangushe. Siku hiyo alisimama tu, ameshika pazia. Yule mwanaume akapigapiga kochi kwa kiganja, na mtoto akaenda polepole akaketi kando yake, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliye kwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Simu yangu ikawaka juu ya mashine. Kwa ile mvua ya mawe nisingeisikia, ila niliona mwanga. Sikusoma jina. Nikaiweka sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Mama Chepet! Umelipa?"

Nikaibana simu zaidi sikioni.

"Unanisikia? Nimefikiria. Chukua hiyo ya katikati, tusikosane. Lakini ile kupwa usiguse, pei yake ni wizi!" Nyuma ya sauti yake mashine za kiwanda zilikuwa zinanguruma, na mtu mwingine alikuwa anamwita arudi kazini.

Nilimtazama yule aliyeketi kwenye kochi. Alikuwa ameweka mkono juu ya bega la binti yangu. Kovu lilikuwepo, refu vilevile, jekundu vilevile. Lilikuwa kwenye mkono wa kulia. Hapo ndipo niliposikia upya maneno yake yote tangu aingie. Bei. Kikubwa. Ukubali. Hakuna herufi hata moja iliyoteleza.

Usiniulize akili ile nilitoa wapi. Nikasema kwenye simu, "Sawa Mama Nafula, nakuletea sasa hivi." Kisha nikaishika simu mkononi bila kuikata.

"Nani?" akauliza.

"Jirani. Anataka masweta yake."

"Na mvua hii?"

"Anasafiri. Wacha nimpelekee mara moja. Chebet, njoo nikupitishe chooni."

"Acha mtoto na mimi."

"Atajikojolea hapo kwenye kochi," nikasema. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa, mpaka leo nashangaa. Choo chetu kilikuwa nje, mwisho wa ploti, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa na maana.

"Kwanza bonyeza," akasema. Hakupaza sauti. "Umeshaanza. Bonyeza, halafu uende."

Nikachukua rimoti. Sikubonyeza ndiyo, wala sikubonyeza hapana. Nilizima televisheni. Alipogeuza uso kutazama kioo kilichokuwa cheusi, nikamnyakua mtoto kwa mkono mmoja na kutoka.

Umewahi kupigwa na mvua ya mawe ya huku kwetu? Huchana majani ya chai mpaka shamba zima linuke. Nilimfunika Chebet kichwa kwa kifua changu, nikakimbia milango mitatu mpaka kwa Mama Nafula. Niligeuka mara moja tu. Alikuwa amesimama ndani ya mlango wetu, hakuvuka kizingiti. Kelele ilikuwa nyingi kiasi kwamba sikusikia hata kilio cha mtoto niliyembeba, lakini sauti yake niliisikia karibu, kama mtu aliye kando ya shingo yangu: "Mama Chebet, hujamaliza."

Mume wangu alifika kabla ya nusu saa. Alikuwa ametoroka kazini, amekimbia njia yote, damu ikimtoka kwenye paji la uso kwa sababu ya mawe. Hakuuliza kama tumeumia. Alisimama mlangoni kwa Mama Nafula na kuniuliza:

"Nani alikuwa kwa nyumba yangu?"

Kumbe simu haikuwa imekatika. Alikuwa amesikia mwanaume akiniambia nimwachie mtoto. Nilimweleza, na nikaona usoni mwake kwamba haniamini. Nani angeamini? Nikamwambia ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akacheka vibaya, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nilihisi ndoa yangu inaondoka pale pale, mbele ya sufuria za watu.

Mama Nafula ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amemtazama mume wangu tangu aingie, bila kupepesa macho.

"Baba Chebet," akasema, "mimi si nilikuona ukiingia kwako mvua ikianza? Nilikusalimia. Ukaniangalia tu, ukapita."

"Mimi?"

"Wewe. Na koti hilo hilo. Nikashangaa nimekukosea nini."

Mume wangu akaketi sakafuni, na maji ya koti lake yakatiririka mpaka chini ya meza.

Mvua ilipokatika alienda nyumbani na wanaume wawili wa ploti. Hawakukuta mtu. Hakukuwa na matope wala maji, ila kochi lilikuwa limebonyea upande mmoja. Mchungaji alikuja akaomba. Wengine walisema tumetumiwa kitu, wengine wakasema ni roho za watu waliokufa shambani zamani. Mimi sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Kabla ya mwisho wa mwezi tulihamia Chepseon. Televisheni tulimwachia mwenye ploti.

Ungedhani yaliisha. Chebet alikaa muda mrefu akiniuliza yule baba mwingine atakuja lini. Mume wangu, ambaye ni mtu mzuri, kuna siku huacha kula na kuniuliza polepole, "Lakini kweli, hakukuwa na mtu?" Na mimi, kila akirudi, nampigia simu akiwa nje ya mlango, nisikie inalia mfukoni mwake, nisikie akisema jina la mtoto. Wiki iliyopita simu yake ilikuwa imezima. Alinisihi nimfungulie. Alisema ana baridi, alisema amechoka kubembeleza mlango wake mwenyewe. Mkono wangu ulikataa kugusa komeo. Mwishowe alienda kulala kwa rafiki yake, na asubuhi alipokuja kuchukua nguo hakunisalimia.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesikiliza. Siku mtu wenu mliyezoea kubishana naye akiingia na kukubali kila kitu, usikimbilie kufurahi. Mwambie avue viatu kwanza. Mtazame mikono. Mtoto usimwachie hata kidogo, na usiandike jina la mtu katika nyumba yako kwa sababu tu amekuharakisha.

Mimi sikumtazama. Nilimwambia karibu, nikamwambia keti, nikamwombea baraka. Hayo ndiyo yanayoniamsha usiku, kwamba mdomo uliomkaribisha ulikuwa wangu.