Vigae Alivyoviosha Igoki

Igoki ni dada wa mume wangu, na tumekaa boma moja karibu miaka ishirini na mitano. Naandika habari zake kwa sababu watu wa hapa Kiambere wakimtaja siku hizi hucheka kwanza. Wanasema ndiye aliyewaharibia watu wa mashimo kazi yao. Mimi nilikuwepo. Niliona kabla ya wengine wote, na nikanyamaza. Kwa hiyo huwa sicheki.

Alipokuwa msichana hakupelekwa shule. Mama yake alikuwa mfinyanzi, akamweka kando yake akande udongo. Aliolewa, mume akafa mapema, mtoto hawakupata, na Igoki akarudi kwa kaka yake Nthiga na furushi la nguo na jiwe moja laini la kusugulia vyungu. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu hapo nyumbani, nimembeba Wawira mgongoni. Niliogopa. Wifi akitaka anaweza kukuhesabia hata chumvi unayotia kwenye mboga. Lakini Igoki alinitazama nikihangaika siku nzima, akasema, "Mama Wawira, wewe unaogopa hata kivuli cha kuku," kisha akashuka mtoni kuchimba udongo.

Vyungu vyake vilijulikana. Wanawake walitoka hata Siakago kuvifuata, hasa vile vikubwa vya maji. Halafu bwawa likajengwa, maji yakapanda, na ule ukingo wenye udongo mzuri ukazama. Alijaribu udongo wa kilimani. Vyungu vilipasuka motoni, kimoja baada ya kingine. Alijaribu misimu mitatu, mwisho akaacha. Sufuria na mitungi ya plastiki ilikuwa imeshajaa sokoni, hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alilima mtama na kunde kama sisi wengine, lakini jioni ungemwona amekaa, mikono yake inasugua kitu ambacho hakipo.

Watu wa mashimo walikuja Agosti mwaka wa 1996. Mkubwa wao aliitwa Marete, mtu wa Githongo huko Meru, na alikuja na wanafunzi wanne wa chuo kikuu. Walitaka shamba letu la chini, lile ambalo jembe likigonga hutoa mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki watu wakiyeyusha chuma. Nthiga aliwakubalia kwa sharti moja, kwamba mvua ya Oktoba ikute mashimo yamefukiwa.

Nilidhani wanatafuta dhahabu. Munyi, jirani yetu, aliposikia kwamba Marete anaitwa Daktari, alifika asubuhi ya pili ameshika shavu.

"Daktari, hili jino limeniua."

"Mzee, mimi ni daktari wa vitu vilivyokufa zamani," Marete akamwambia.

"Basi ni lenyewe. Hili lilikufa tangu Krismasi."

Walicheka wote, lakini dawa ya maumivu alipewa.

Kazi yao ilinichosha hata kuitazama. Sisi tukichimba shimo la choo tunamaliza kwa siku tatu. Wao walifunga kamba kwenye misumari wakapata mraba wa mita moja, kisha wakapiga magoti na kukwangua kwa mwiko mdogo wa fundi wa nyumba, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali asitoboe sufuria. Wakifika sentimita kumi wanasimama, wanapima, wanachora. Hilo waliliita tabaka la kwanza. Kisha kumi nyingine, tabaka la pili. Udongo wote ulichekechwa, na kila kigae, kila mfupa, kila bonge la chuma lilitiwa mfukoni pamoja na karatasi yenye namba ya mraba na namba ya tabaka. Makaa ya zamani hawakuyagusa kwa vidole. Waliyachukua kwa ncha ya mwiko na kuyafunga, ili mashine huko mbali ikadirie umri wake.

Nilimwuliza Marete namba zote hizo ni za nini.

"Mama Wawira, una sanduku la nguo?"

"Ninalo."

"Nguo iliyo chini kabisa uliiweka lini?"

"Kabla ya zile zingine."

"Basi, kama hakuna aliyelifukua, na ardhi ni hivyo hivyo. Kigae kikitoka tabaka la sita najua kilianguka pale kabla ya kile cha tabaka la pili. Ukinipa kigae bila kuniambia kilitoka wapi, umenipa changarawe."

Swali lake lilikuwa hili: wale waliofinyanga vyungu vyenye mistari shingoni walikaa hapa kabla ya waliofua chuma, ama baada yao, ama walikuwa watu hao hao. Jibu lilikuwa katika kujua nini kililala juu ya nini.

Binti yangu Wawira walimchukua aandike karatasi hizo, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani karibu miaka miwili. Kama una binti unajua miaka miwili hiyo ikoje, unamtazama akifagia ua uliokwisha kufagiwa. Marete alisema Januari ataanza kuchimba upande wa Meru, na angependa kuchukua mtu mmoja wa hapa amfundishe kazi ya usaidizi kwa mwaka mzima. Alikuwa akimtazama Wawira aliposema hivyo. Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Mimi kitu kizuri kikinikaribia naanza kusikiliza kitavunjikia wapi.

Igoki alipewa kazi ya kuosha vigae. Alikaa kivulini na beseni na mswaki, akitoa vigae mfuko mmoja mmoja, anaosha, anavianika juu ya gazeti, fungu moja kwa kila mfuko, karatasi yake juu yake na kijiwe cha kuizuia upepo. Vikikauka Wawira anavirudisha mifukoni. Sikuwa nimemwona Igoki na uso ule tangu mto ulipofunikwa. Alikuwa akizungumza na vile vigae. "Wewe uliungua upande. Wewe, aliyekufinyanga alikuwa na haraka."

Siku moja, wengine wakila, nilipeleka uji nikamkuta amepiga magoti katikati ya magazeti. Anatoa kigae fungu hili, anakipeleka fungu lile. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, namba nazijua. Niliona karatasi yenye sita imekaa juu ya fungu ambalo asubuhi lilikuwa na mbili. Nikajiambia labda ameagizwa. Nikajiambia pia, huyu ni dada wa Nthiga na ni mkubwa wangu, nitamfundishaje kazi ya vyungu? Niliweka uji chini nikaenda zangu.

Baada ya siku nne Marete alikaa na mifuko kuikagua. Mwanzoni alifurahi. Katika mfuko wa tabaka la pili alikuta kigae chenye udongo wa kijivu wa chini kwenye nyufa, kikishikana sawasawa na chenye udongo mwekundu wa juu, akasema huenda panya walichimba mashimo yao pale, ama watu wenyewe wa zamani walichimba shimo. Akapata jozi nyingine. Kufika saa tisa alikuwa amepata jozi kumi na moja, kila jozi imelala mfuko mmoja kama iliyopangwa, na furaha imemwisha. Alimwita Wawira mbele ya wanafunzi.

"Karatasi hizi uliandika wewe?"

"Ni mimi."

"Na kurudisha mifukoni?"

"Ni mimi."

"Basi nieleze. Mraba mzima, Wawira. Wiki tatu za watu watano."

Wawira alisimama akishika penseli kwa mikono miwili.

"Kesho kaa nyumbani kwanza," Marete akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Nilimkuta Igoki kwenye zizi la mbuzi akikamua, jua bado liko juu kidogo.

"Igoki, vile vigae vya kwenye magazeti, wewe ulivihamisha?"

"Niliviweka vizuri. Walikuwa wamevitawanya kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Mdomo wa chungu huku, tumbo lake kule. Nitaoshaje chungu nikiache hivyo?"

"Na karatasi?"

"Kila fungu nililipa karatasi yake. Hakuna lililokosa."

Nilimweleza kila kitu, sanduku la nguo, tabaka, na kwamba Wawira amefukuzwa, ama ni kama amefukuzwa. Aliendelea kukamua mpaka nikadhani hasikii. Kisha akaweka kibuyu chini.

"Mama alinifundisha chungu kikivunjika usitupe hata kipande. Unaviweka pamoja, unavitwanga, unavichanganya na udongo wa chungu kipya ili kivumilie moto. Na usichanganye vya vyungu viwili, kila udongo na moto wake. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe."

"Najua."

"Wewe uliniona?"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa kuniogopa, ama kwa kunionea aibu kwamba sijui kusoma?"

Mpaka leo sijapata jibu lililo safi.

Asubuhi alitangulia yeye. Nilimfuata kwa nyuma, na Wawira nyuma yangu. Alisimama ukingoni mwa shimo, akamwambia Marete aliyekuwa chini amepiga magoti:

"Daktari, msichana hana kosa. Vigae nilihamisha mimi. Namba sizijui, kwangu ni mikwaruzo tu. Na wewe hukuuliza kama nazijua."

Marete alitoka shimoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Kweli sikuuliza," akasema. Kisha, "Mama, ulijuaje kwamba ni vya chungu kimoja? Wengine hapa wamesomea vyungu miaka mitatu."

Igoki alichukua kigae. "Huyu alikuwa akikandamiza kwa kidole gumba cha kushoto. Tazama hapa, na hapa. Na mchanga wake ni wa mtoni, mkubwa. Yule mwingine mchanga wake ni mdogo." Akakishikilia. "Lakini hukunituma nijue hilo."

"Sikukutuma. Na sasa nataka unisaidie kuvitenganisha ulivyoviunganisha."

Ilichukua siku tatu. Wawira alileta daftari lake, na hapo ndipo niliposhukuru kwamba binti yangu ni mwoga kama mimi. Hakutosheka na karatasi. Kabla ya kumpa Igoki mfuko wowote alikuwa amehesabu na kuandika: vigae kumi na vinne, kimoja kina mistari shingoni, viwili vyeusi ndani. Wakati wa kurudisha mifukoni ndipo hakuhesabu tena. Marete alisoma yale maandishi yote, akamtazama, akageuza ukurasa. Igoki naye alikumbuka kwa mikono. Angeshika kigae, afumbe macho, aseme, "Hiki nilikitoa karibu na mguu wangu, gazeti la mwisho." Vingine vilikuwa na udongo kidogo kwenye nyufa ambao mswaki haukuufikia, wa kijivu wa chini ama mwekundu wa juu. Mara nyingi alisema, "Hiki sikijui." Kukisia alikataa. Mwanafunzi mmoja alimbembeleza akisie tu, akamjibu, "Kijana, nimeshakudanganya mara moja bila kujua. Unataka nikudanganye nikijua?"

Vilikuwa vigae mia mbili thelathini na moja. Mia moja na arobaini vilirudi mahali pake. Tisini na kimoja vilitiwa katika boksi, na Marete akaandika juu yake: Mahali hapajulikani. Mraba ule haukuweza tena kujibu swali lake, na ndio uliokuwa na vigae vingi kuliko mingine. Kufungua mwingine hakukuwa na muda, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya kilima cha Kiang'ombe. Katika kitabu chake aliandika tarehe na jinsi ilivyotokea, na mwisho mstari mmoja ambao Wawira aliuona: kosa ni la kiongozi wa kazi.

Alikuwa amechoka. Sote tulikuwa tumechoka. Tulifukia mashimo wiki moja kabla ya mvua, na Nthiga akapanda kunde juu yake kama vile hakuna aliyewahi kupiga magoti pale.

Wawira alichukuliwa. Barua ilikuja Desemba: mwaka mmoja Meru, aje na sweta. Nililia, kisha nikaanza kuogopa baridi ya huko. Chini ya barua Marete aliandika kwamba nafasi ya kuosha vigae ipo pia, kama Mama Igoki ataitaka, na kwamba safari hii ameuliza.

Igoki alisomewa maneno hayo. Siku ya pili nilimkuta nyuma ya ghala na kipande cha kaa, anaandika ukutani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Wawira alikuwa amemwonyesha mara moja tu. Darasa la kusoma la watu wazima kanisani miaka yote alikuwa akilipita kama anayepita nyumba ya mtu mkorofi.

"Mbona umeishia saba?" nikamwuliza.

"Shimo liliishia saba. Chini yake ni mwamba."

Nilikaa kando yake, miguu inaniuma. Nilitazama zile namba nikaona kitu, na ule woga wangu wa zamani ukaniambia ninyamaze. Nikaumeza.

"Igoki, nne umeigeuza. Inatazama upande mwingine."

Aliitazama, akaifuta kwa kiganja, akaiandika tena.

"Sasa?"

"Sasa ndiyo."

"Kumbe mdomo unao," akasema, akaendelea kuikagua tano.