Niligeuza na mwendokasi ili nipate siti, siti ikanipeleka Manzese

Wakuu, salamu kwenu mliokaa na mliosimama.

Mie elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikichapia mnivumilie. Ila nina daftari. Kila siku naandika nimetoka saa ngapi, nimepanda nini, nimefika saa ngapi. Haya ninayosimulia nimeyatoa humo, na pale yanaponiumbua nimeyaacha vilevile.

Naishi Kiwalani. Kazi yangu iko Mikocheni, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Yaani kila siku navuka jiji.

Muda mrefu nilikuwa mfungashaji tu. Beseni linatoka kwenye mashine, mie napanga, nafunga kamba, nabeba. Mwaka huu mashine moja ikabaki wazi, aliyekuwa anaisimamia amehama mkoa. Tuliotajwa tukawa wawili, mie na Hamza. Hamza anakaa Kinondoni Mkwajuni, kazini anakuja kama anaenda dukani.

Supavaiza wetu ni Bi Mwasiti, mama wa Kunduchi, mtu wa maneno machache. Akaniita pembeni. Akaniambia mikono yangu inajua kazi kuliko ya Hamza, tatizo langu ni saa. Mtu wa mashine akichelewa, plastiki inaganda ndani, na kuitoa ni nusu siku.

"Nakupa wiki moja. Jumatatu mpaka Jumamosi ufike kabla ya saa moja na nusu. Ukichelewa hata mara moja, mashine ya Hamza."

Nikasema sawa, Bi Mwasiti. Usiku ule sikujiamini hata kidogo. Mie nikipewa kitu kizuri huwa naanza kutafuta nitakiharibuje.

Ndipo nikaachana na daladala za kuungaunga, nikapanga rute mpya. Treni ya mjini asubuhi mpaka Kamata. Kutoka pale kwa miguu mpaka Gerezani. Gerezani napanda basi la mwendokasi la Morocco, na Morocco nachukua bajaji ya kuchangia mpaka getini.

Wakuu, ilikubali. Jumatatu nilifika saa moja na dakika kumi. Jumanne saa moja na dakika tisa. Mlinzi akaniuliza kama nimehamia Mikocheni.

Ishu ilikuwa moja, miguu. Kwenye treni nimesimama, kwenye mwendokasi nimesimama maana watu wa Mbagala wanaounganisha pale Gerezani ni wengi, halafu kazini nasimama mpaka jioni.

Jumatano nikaanza kugeuza.

Kwa mgeni wa jiji nieleze. Kugeuza ni kupanda gari linaloelekea kituo cha mwisho. Unakaa. Likifika mwisho wenzako wanashuka, wewe unabaki na siti yako mpaka gari ligeuze lirudi. Wahudumu hawapendi, wakikuona wanakushusha, na kusema haki wana sababu, kwa sababu aliyepanga foleni anakukuta umeshakaa.

Basi mie nikawa natoka Kamata, naipita Gerezani naiona kabisa, natembea mpaka Msimbazi, halafu napanda gari la kurudi Gerezani nilikotoka kupita. Nikiandika hapa naona aibu. Siku ile nilijiona mjanja.

Tatizo, gari likiwa linakuja Gerezani hujui baadaye litakwenda Morocco au Kimara. Jumatatu na Jumanne nilikuwa nimeyatazama yanavyofuatana, nikaandika kanuni kwenye daftari: yakifuatana mawili, la pili ni la Morocco. Siku mbili tu, wakuu, nikaipigia mstari na kalamu nyekundu.

Jumatano ikakubali, nikafika saa moja na dakika ishirini na mbili. Alhamisi dakika ishirini na nne. Sikujiuliza dakika zangu zinaenda wapi. Nilikuwa nimekaa dirishani.

Ijumaa yakaja mawili. Nikapanda la pili.

Kufika Gerezani watu wakashuka. Nikamwona mhudumu anaingia mlango wa mbele, nikainama chini ya siti kama mtu aliyeangusha kitu. Nikiwa nimeinama nikasikia dereva anatangaza. Sitamsingizia, alitangaza na nilimsikia, ila nikajiambia anaongelea gari la nyuma. Kanuni yangu si ilisema Morocco?

Gari likajaa, likaondoka. Nikatoa daftari nikaanza kuandika.

Dada mmoja aliyesimama pembeni yangu na begi zito akaniuliza, "Kaka, samahani, unashukia wapi?"

Anaitaka siti, nikajua. Nikamjibu kwa madaha kidogo, "Morocco, sista."

Akanitazama. "Morocco ya wapi? Hili la Kimara, tena la haraka, halisimami kila kituo."

Nikainua kichwa. Mbele yetu kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu la Manzese.

Watu wa karibu walicheka, na mmoja akasema huyu aachwe, ameshalipenda gari. Sikuwa na hasira nao. Nikampa yule dada siti, nikasimama mlangoni mpaka Shekilango ambako lilisimama. Niliyekuwa nakimbia kusimama, nimesimama hukohuko.

Nikachukua bodaboda. Foleni ya Shekilango mnaijua, na Bamaga mnaijua. Nilifika saa mbili na dakika nne.

Bi Mwasiti alikuwa palepale kwenye kitabu cha mahudhurio. Hamza akanisogelea kabla sijafika kwake, akaninong'oneza, "Sema mwendokasi umeharibika njiani. Kila mtu anasemaga hivyo, na yeye anakubali."

Naandika hili makusudi. Hamza ndiye aliyekuwa anaipata mashine nikisema ukweli, na ndiye aliyenipa uongo wa kuniokoa. Sijui mie ningefanya hivyo kwake. Nimejiuliza mara nyingi.

Bi Mwasiti naye akanifungulia mlango wa uongo huohuo. Akauliza, "Gari limeharibika?"

Ndiyo moja tu ilikuwa inatosha. Lakini gari lilikuwa zima, dereva alitangaza, ubao wa mbele ulishabadilishwa Gerezani kuwa Kimara. Aliyeharibika ni mie.

Nikamwambia hapana, halijaharibika, nilipanda la Kimara kwa sababu ya siti. Nikampa daftari.

Akasoma amesimama, polepole, kidole kwenye mstari. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Akafika kwenye kanuni yangu nyekundu, akakaa nayo kidogo.

"Ulipokuwa unasimama ulikuwa unawahi," akasema. "Umechelewa ulipokaa."

Kisha akaandika jina la Hamza kwenye mashine.

Iliniuma, sitadanganya. Jioni nilirudi kwa miguu kuanzia Kamata. Ila kila nilivyoligeuza lile jambo sikuona pa kumlaumu. Tulikubaliana siku sita, nimempa nne.

Jumatatu iliyofuata akaniita tena. Kuna wafungashaji wawili wapya, wanaishi Vingunguti. Akaniambia niwape ile rute yangu, ya Jumatatu na Jumanne, si ile nyingine. Sasa tunakuja watatu, na hakuna aliyechelewa.

Hamza mashine anaiweza, nasema wazi. Mie bado nafunga kamba. Bi Mwasiti amesema ikitokea nyingine anajua nilipo, na safari hii ninapolala najiamini, kwa sababu saa yangu naijua.

Kanuni yangu siku hizi ni moja. Kila asubuhi pale Gerezani, hata ubao niwe nimeusoma, nasimama mlangoni nauliza kwa sauti, "Dereva, hili la Morocco?" Wenzangu wa Vingunguti wanaona aibu, wanajifanya hawanijui.

Wiki jana nikauliza, dereva akajibu, "La Kimara hili, braza."

Nikashuka. Nyuma yangu nikasikia, "Subiri, mwanangu." Bibi mmoja mwenye fimbo, amekaa siti ya mbele kabisa, kumbe anakwenda kliniki Mwanamboka, njia ya Morocco. Alikuwa amegeuza kutoka Msimbazi kwa ajili ya magoti yake. Nikamshika mkono akashuka. Lililofuata likawa la Morocco, kijana mmoja akampisha akakaa.

Bibi akaniangalia nilivyoning'inia. "Na wewe je?"

"Mie nasimama, bibi."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naiuliza siti swali la kumuuliza dereva. Anayegeuza kwa sababu ya magoti au mimba simsemi, ana haki yake. Nawauliza wazima wenzangu mnaogeuza: mnajuaje gari litakwenda wapi? Na mhudumu akiingia, mnainama kama mie? Semeni bila kuoneana haya, mie nimeshatangulia.

Daftari la siku ile na bibi linasema hivi: Nimeuliza. Nimesimama. Nimefika saa moja na dakika kumi na moja.