Siku Nilipokuwa Profesa Mwendawazimu

Harufu ya spiriti ya hospitali huwatia wengine kichefuchefu. Mimi hunirudisha kijijini kwetu Boito, kwenye stoo yetu ya mabati iliyojaa vikapu vya majani ya chai. Mvua ya alasiri ilipiga paa hadi ikabidi tusogeleane ili tumsikie dada yangu Chelangat akituongoza katika mchezo wake wa kutisha.

Alikuwa amejifunza mchezo huo shule ya bweni. Yeye alisimulia; mimi, kaka yetu Kiprono na jirani yetu Wanjiku tulikuwa watu ndani ya hadithi, kila mmoja akiamua atafanya nini. Ukithubutu jambo la hatari, ulirusha dadu ya ludo, nayo ikaamua kama utapona. Adui wetu alikuwa Profesa, mwanasayansi mwendawazimu aliyejificha katika kiwanda kikuukuu cha chai, akiwatoa watu damu ili anyweshe miche yake. Mizizi ya miche hiyo ilitambaa. Niliogopa kuchuma chai ya upande wa msitu, na niliupenda woga ule kuliko peremende.

Kisha nikaanguka kutoka kwa mti wa avokado. Mkono ulivunjika, ukaunga vibaya, na daktari wa hospitali ya Kapkatet akasema lazima uvunjwe tena ndipo unyooshwe. Hapo nikajua nimekutana na Profesa mwenyewe. Nikakataa kurudi. Mama alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena.

Chelangat hakunibembeleza. Alituita stoo, akaniambia, "Leo wewe ndiye Profesa."

"Sitaki. Huyo ni mbaya."

"Yeye hajioni mbaya. Tuambie anatafuta nini."

Nilifikiri sana. Nikasema ana binti aliyelala haamki, naye anatafuta chai ya kumwamsha. Kiprono na Wanjiku walipoingia kiwandani mwa hadithi kunikamata, Chelangat aliniuliza polepole, "Hawa watu unaowatoa damu, uliwauliza kama wanakubali?"

"Sikuwauliza," nikajibu, nikaona aibu kama mtu aliyefanya kweli. Niliwafungulia wafungwa wote bila hata kugusa dadu.

Wiki hiyo nilikubali kupelekwa hospitali. Nilimtazama daktari nikamuuliza, "Na wewe unatafuta nini?" Mama akanifinya. Daktari alivuta kiti, akaketi. "Natafuta mkono utakaofika kichwani, ili ujisuke nywele wewe mwenyewe. Unakubali nijaribu?"

Nikakubali.

Leo mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kila mtoto anayeletwa kwetu huelezwa tutakachomfanyia na kuulizwa kwanza kama anakubali. Kwa miaka mingi nilidhani mchezo wa siku ile ulijiendea tu. Krismasi iliyopita, tukiwa nyumbani, Kiprono akasema Chelangat alikuwa ametunga mwisho mwingine kabisa: Profesa aungue ndani ya mashine ya kukausha majani, miche ikipiga kelele huko nje. Aliufanyia kazi likizo nzima.

"Aliutupa asubuhi ya siku ile uliyokuwa Profesa," Kiprono akasema. "Kwa sababu yako."

Chelangat alituambia tu tunywe chai, inapoa.

Nilimtazama, nikajaa fahari. Alikuwa msichana wa shule mwenye hadithi bora kuliko zote alizowahi kutunga, na akaiacha bila kusimuliwa ili mdogo wake apate mkono mzima. Siku hizi nikiulizwa nani alinifundisha kazi hii, namtaja yeye kabla ya chuo.