Aliyepiga Simu Asiseme

Enzi zetu, na nyinyi wenzangu mliokulia Mjini mnajua, simu haikuwa kitu cha kutiwa mfukoni. Ilikaa. Yetu ilikaa ukumbini, nyumbani kwetu Sokomuhogo, juu ya kimeza chake peke yake, nyeusi, nzito, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama kwa mkono wake, na kila Alkhamisi jioni ikifukizwa udi pamoja na matandiko. Vijana wa leo wanalala na simu ubavuni, wanakula nayo, wanaingia nayo chooni, halafu ukiwapigia hawapokei. Yetu ikilia mara moja tu, uchochoro mzima ulinyamaza kusikiliza.

Nnawacheka vijana, lakini ukweli niuseme mapema: na sisi tulikuwa wajinga, tena wajinga wenye kujiona. Watu wa rika langu wakikaa barazani wakasema watoto wa siku hizi hawana adabu, nnawakubalia, hawana. Kisha nnaikumbuka adabu yetu ilivyomfanya dada yangu Zuhura, na nnageuza mazungumzo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, miaka ya foleni za mchele na sukari, na mie nna miaka tisa. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri michezo ya nage na mdako mpaka magoti yaote vumbi. Dada Zuhura alinipita kwa miaka saba, na yeye hakuwa na habari ya nage wala mdako. Alikuwa na vitabu vyake. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na akifaulu angekwenda kusomea ualimu. Alikuwa akisoma dirishani huku anachambua mchele, na mara nyingi tulitafuna vijiwe kwa sababu yake. Hapana kitu alichokitaka duniani kuliko kuufanya ule mtihani.

Baba alikuwa na sheria zake za simu. Wakati ule mtu hakujua nani anamsikiliza nani, na baba yangu alikuwa mwoga, ingawa ungemwambia hivyo angekutia bakora. "Inua, sema naam, basi," alitufundisha. "Usitaje jina, usiulize hali, usimwamkie mtu usiyemjua. Mwache yeye aseme kwanza." Dada Zuhura hakuruhusiwa kuigusa kabisa, kwani sauti ya msichana aliyekwisha vunja ungo, kwa maneno ya baba, si ya kusikilizwa na kila mpita njia. Kwa hivyo mpokeaji nlikuwa mie.

Basi ikaanza. Alasiri moja simu ikalia, nkainua, nkasema, "Naam." Kimya. Nlisikia pumzi tu, pumzi nzito ya mtu anayengoja. Nkangoja na mie. Kisha ikakatwa. Kesho yake wakati ule ule ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa yake pia.

Baba akasema chombo kimeharibika. Akenda mwenyewe kuwabembeleza watu wa simu, akenda tena na tena, mpaka alasiri moja akaja fundi na mkoba wa ngozi, akaing'oa ile nyeusi, akatuwekea nyengine ya kijivu, nyepesi, yenye mlio wa kengele ya baiskeli. Mama alilalamika kwamba kitambaa chake sasa kimekuwa kikubwa. Fundi akanywa chai, akala vipande vinne vya mkate wa kumimina, akatuhakikishia kwamba mambo sasa safi. Hajafika mwisho wa uchochoro, simu ikalia. "Naam," nkasema. Pumzi.

Hapo akili za wakubwa zikahama kutoka kwenye chombo, zikamwendea Zuhura. Nani huyo anayepiga baada ya alasiri, saa ambayo msichana kesharudi skuli na baba hajarudi msikitini, na akisikia sauti ya mtoto anakata? Jibu walikuwa nalo tayari. Majirani, ambao hawakuwa na simu wala haya, wakalitia chumvi. Hata Jumapili, siku ambayo simu haikulia, ikawa ushahidi: baba akasema Jumapili huyo mhuni yuko mpirani. Zuhura aliapa, akalia, akataka aletewe msahafu aushike. Mama akamwambia, "Mwanangu, simu haijipigi yenyewe."

Akakatazwa skuli, mtihani umebakisha siku tano. Vitabu vyake vikafungwa kamba, vikatupwa juu ya kabati. Siku ya mtihani ilimkuta jikoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakulia siku ile. Alikuna nazi sita, na mama alikuwa amemtuma mbili.

Na simu ikaendelea kulia. Baba akaamua kumkamata mhuni kwa mkono wake mwenyewe. Alasiri akasali nyumbani, akakaa kitako mbele ya kimeza, na ilipolia akainua asiseme hata naam. Upande wa pili nako kimya. Akamtegea yule, na yule akamtegea yeye, mpaka nikadhani wamelala. Mwisho baba akapasuka: "Mhuni mkubwa wee. Ntakujua tu, na siku ntakayokujua ntakuvunja miguu." Akakata, akajifuta jasho, akaagiza kahawa.

Asubuhi ya pili ikapigwa hodi. Alikuwa Bi Mize, mama yake baba, aliyekuwa akikaa shamba, Kizimbani, kwa ami yetu, nduguye baba, aliyekuwa karani wa ofisi ya huko. Ameteremka na gari ya kwanza, bakora mkononi, buibui limejaa vumbi. Hakutaka kukaa. Shikamoo zetu aliziitikia moja moja, polepole, hakuiruka hata moja. Kisha akamgeukia baba.

"Nimekuletea miguu," akasema. "Ivunje."

Kumbe kazi zikisha, mkubwa wa ofisi akishaondoka, ami alikuwa akimwita mama yake, akimzungushia namba yetu, na ikianza kulia anampa mkononi. Yeye mwenyewe hutoka nje kwa heshima, asisikilize maneno ya mzazi wake. Na Bi Mize, toka azaliwe, hajapata kumsemesha mtu aliye mdogo kwake kabla hajaamkiwa. Alisikia sauti ya mjukuu wake inasema naam, akangoja shikamoo. Akangoja. Shikamoo haikuja, akakata kwa hasira, na siku ya pili akajaribu tena, labda adabu imerudi.

"Nkasema watoto wa mjini washaharibika," alieleza. "Jana nkasikia mtu mzima anapumua. Nkajua huyu ni mwanangu, ngoja aniamkie. Na kweli akaniamkia."

Baba akamwuliza: "Ulikuwa unataka nini, mama?"

"Nlitaka kujua siku ya mtihani wa Zuhura, nimsomee Yasini asubuhi yake. Ni lini?"

Huko jikoni, mbuzi iliyokuwa ikikuna nazi ikasita.

Baba alimbusu mama yake mkono, akamwomba radhi mpaka akasamehewa. Zuhura hakuombwa kitu. Mkubwa hamwombi radhi mtoto, na hiyo nayo tuliiita adabu. Alichofanya baba ni kwenda kwa watu wa simu waje waing'oe ile ya kijivu, utasema aliyekosa ni simu. Skulini wakasema mtihani haurudiwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka uliofuata Zuhura akaolewa, mume mwema, sina la kumsema. Baba aliendelea kukaa barazani akiwafundisha watu namna ya kulea, nami nlikuwa nkimpelekea kahawa na kumchukia kwa muda wa kujaza vikombe.

Sasa mie mwenyewe nna wajukuu. Simu ya mezani wanangu washaiondoa, wakasema imepitwa na wakati, wakanipa hii ya kiganjani. Ikilia, neno langu la kwanza ni shikamoo, kabla sijajua ni nani. Wananipigia matapeli kuniambia nimeshinda zawadi ya mchezo nisioucheza, na wao nnawaamkia. Mmoja alinijibu marahaba bila ya haya, kitoto hicho, kisha akaniomba namba ya siri. Mjukuu wangu Rahma hucheka mpaka akajishika mbavu. Yeye akipokea husema "Nani?", kwa sauti ya askari wa bandarini.

Juzi kaja kwangu amenuna. "Bibi, kuna mtu ananisumbua wiki nzima. Nikisema nani, hajibu, anapumua tu. Nshamfungia namba."

Nkamwambia aifungue, aipige mbele yangu, tena kwa sauti ya nje. Akanitii huku kabinua midomo. Simu ikapokelewa. Kimya. Pumzi.

"Mwamkie," nkamwambia.

"Simjui, Bibi."

"Mwamkie hivyo hivyo."

"Shikamoo," akasema Rahma, kwa shingo upande.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa Dada Zuhura. Kabadilisha laini bila ya kumwambia mtu, na uzee umempa kiburi kile kile cha Bi Mize. "Wiki nzima nnakutafuta. Mtihani wako lini?"

Sisi tulikuwa na simu moja kwa mtaa mzima tukashindwa kusemezana. Hawa kila mmoja ana yake, na kwa kidole kimoja wanamfungia mlango bibi yao. Sijui nimcheke nani. Ningeipata leo ile nyeusi, na kitambaa chake, na mie nna miaka tisa mbele yake, neno moja tu ningeliongeza baada ya naam.

"Alkhamisi," akajibu Rahma. "Keshokutwa."

Dada Zuhura akashusha pumzi, na mara hii niliijua.

"Haijapita," akasema. "Alhamdulillahi. Haijapita."